Siku Kumi na Mbili Zisizo na Maelezo

Kondoa, 9 Novemba 2023

Kwa mke wangu mdogo Munira,

Salaam nyingi. Mimi mzima, isipokuwa magoti, hayo yamejitangazia serikali yao. Shangazi yako mzima pamoja na ukali wake. Wewe hujambo? Unakula? Au huko chuoni Dodoma mnatafuna kompyuta?

Nimempa kondakta wa basi la asubuhi boksi la sabuni. Sabuni hamna. Mna madaftari ishirini na saba, mvua yote iliyonyesha kilimani kwetu tangu Novemba 1974 mpaka Oktoba 2001, asubuhi ile nilipopanda nikakuta kipimamvua kimeng'olewa. Nadhani kiligeuzwa sufuria ya mtu. Ulisema mwalimu wako anataka mvua za zamani kwa kazi yako ya kumalizia chuo. Basi mvua hiyo hapo, usiilowanishe. Mchwa wamo wawili watatu, hao usiwahesabu.

Usiniulize kwa nini sipigi simu. Simu uliyoninunulia ipo, namulikia choo. Nikiongea nayo shangazi yako husikiliza upande huu halafu anajibu yeye. Barua hakuna wa kuidakia.

Nakuomba kitu kimoja, na hapa sitanii. Nimefukuzwa kazi ya ukarani wa ghala, nimefukuzwa kwaya ya chama kwa sauti, hata kwenye kamati ya maji walinitoa. Kupima mvua ndiyo kazi pekee niliyoifanya kila siku bila kufukuzwa. Nikifa, shangazi yako atafungia vitumbua kwenye madaftari hayo. Yaingize humo kwenye mashine yako, yakae.

Mumeo mkongwe,
Babu Swalihu


Dodoma, 3 Desemba 2023

Mume wangu mkongwe,

Shikamoo. Nimepona mafua, nakula, na kompyuta haina chumvi. Magoti yako nayatakia mapinduzi.

Boksi limefika. Wiki tatu nimekuwa nikinakili, vidole vimeota sugu kama vya mtu wa jembe. Kila siku yako nimeifanya mstari mmoja, na kila mstari una safu tatu: kwanza tarehe, pili mvua kwa milimita, tatu maneno yako. Jumla mistari elfu tisa mia nane sitini na mbili. Hukuruka hata siku moja, babu!

Ila umenitesa. Mwanzoni nilitenganisha safu kwa alama ya mkato, ndivyo watu wengi wanavyofanya. Kumbe na wewe unaipenda hiyo mikato kuliko chai. Umeandika, "Mvua ya maringo, imekuja, imechungulia, imeondoka." Mashine ikadhani kila mkato ni safu mpya, ikaniletea mistari yenye safu sita, saba. Nimefuta mikato ya kutenganishia nikaweka mstari wima, alama ambayo hukuwahi kuitumia. Sasa imetulia.

Angalia uzuri wake. Nafungua kioo cheusi, naandika:

awk -F'|' '$2 > 50' mvua.txt

Maana yake: soma faili la mvua, kata kila mstari penye alama ya wima, unionyeshe zile siku tu ambazo safu ya pili imezidi hamsini. Kabla sijameza mate zikatoka siku thelathini na moja. Mojawapo ni ya Machi 1979: "Leo Mungu amemwaga beseni. Mbuzi wa Nurdini amepita mbele ya mlango anaelea, hata hakusalimia." Chumba kizima cha kompyuta kilinigeukia kwa kicheko changu.

Mjukuu wako, na mke ukitaka,
Munira


Kondoa, 20 Desemba 2023

Mke mdogo,

Marahaba, na upone kabisa. Sisi wazima. Mvua imeanza, lakini siipimi; naisikiliza tu kwenye bati.

Hilo neno "awk" nimelisoma kwa sauti, shangazi yako akaja mbio na maji akidhani nimepaliwa na ugali. Na hiyo alama ya dola ya nini? Mvua yangu ilinyesha kwa ajili ya mahindi, hatukuwahi kuiuza Marekani.

Lakini umenikumbusha mbali. Aliyeniletea kipimamvua ni bwana shamba mmoja, Filipo, kijana mrefu mwenye soksi mpaka magotini. Alikuja akauliza nani hapa amesoma. Nikanyoosha mkono, darasa la nne, waliobaki walikuwa shambani. Alinifundisha siku moja tu. Kopo la shaba, ndani mna chupa, na glasi yenye mistari myembamba ya kupimia. Kila asubuhi saa tatu, sio kabla, sio baada.

Ukipanda kilima saa tatu, udongo mwekundu bado unatoa harufu ya usiku, chini unaona moshi wa kila nyumba, unajua nani ameamka na nani bado yuko na mkewe. Watoto waliniita Bwana Mvua. Wanawake walikuwa hawapandi mtama mpaka waniulize. Na marehemu bibi yako Mwantum akisimama mlangoni kupiga kelele kijiji kizima kisikie: "Baba Amiri! Glasi umeisahau tena!" Kweli nilikuwa naisahau. Wakati mwingine makusudi, nipate kuitwa.

Siku zile nilikuwa mtu, Munira. Sasa mimi ni magoti tu.

Wako,
Babu Swalihu


Dodoma, 22 Januari 2024

Babu yangu,

Shikamoo. Natumaini mko salama na mahindi yamekubali. Mimi ni mzima wa mwili.

Sijui nianzeje. Msimamizi wangu, Dokta Restuta, amenipa faili la pili: vipimo vya miaka hiyo hiyo vya shamba la mbegu lililokuwa ng'ambo ya korongo, mwendo wa nusu saa kutoka kilimani kwako. Akaniambia nilinganishe. Nikaandika skripti, yaani maagizo ya kompyuta, inayosoma tarehe kwenye safu ya kwanza ya faili lako, inatafuta tarehe ile ile kwenye faili lao, halafu inalinganisha safu za pili.

Hazifanani, babu. Siku wewe umeandika mvua, mara nyingi wao wameandika kavu. Siku wao wameloa, wewe mkavu. Katika siku kumi za mvua zinapatana nne tu.

Dokta si mtu mbaya. Alisema kwa upole: "Munira, wapimaji wengi wa vijijini walikuwa wanajaza daftari mwisho wa mwezi, wamelala kitandani." Akasema kama hakuna maelezo, madaftari haya hayatumiki, na yatabaki na alama ya kutoaminika. Nawasilisha kazi tarehe 30 Aprili.

Nilimwambia babu yangu hakuwa akilala. Niambie nilisema kweli.

Munira


Kondoa, 27 Januari 2024

Munira,

Tuko wazima, salaam zitatosha hizo.

Mwambie huyo Dokta kitanda changu cha mwaka sabini na nne kilikuwa cha kamba zilizolegea, hakuna mtu angeweza kuandika pale hata jina lake.

Nimefikiri usiku na mchana nikakumbuka ugomvi wangu na Filipo. Alisema maji ninayoyakuta saa tatu asubuhi niyaandike kwa tarehe ya jana, maana eti yamenyesha jana. Nikamuuliza, yamenyesha saa ngapi? Akasema usiku. Nikamwambia bwana mkubwa, jua likizama siku imekwisha. Usiku wa kuamkia Ijumaa ni wa Ijumaa, hata mtoto wa madrasa anajua. Mvua ya usiku huo nitaipaje Alhamisi? Alhamisi imeshakufa na kuzikwa magharibi! Akasema, "Fuata utaratibu, Swalihu." Nikasema ndiyo bwana. Akaondoka. Nikaandika nilivyojua mimi, miaka ishirini na saba.

Hao wa ng'ambo ya korongo walifuata soksi za Filipo. Irudishe mvua yangu siku moja nyuma uone nani alikuwa kitandani.

Babu yako


Dodoma, 11 Februari 2024

Mume wangu, mume wangu, mume wangu!

Shikamoo mara tatu! Mimi mzima kupita kiasi, na shangazi mwambie nampenda.

Niliongeza maneno machache tu kwenye skripti: kila mstari wa babu, tarehe ya safu ya kwanza irudi nyuma siku moja, ndipo ulinganishe. Nikabonyeza. Katika siku kumi za mvua sasa zinapatana tisa! Nilipiga kelele nikatolewa maktaba. Dokta Restuta alicheka mpaka akavua miwani: "Miaka ishirini na saba, mtu mmoja amekataa kuizika mvua na siku iliyokufa." Ameomba nikusalimie.

Kwa furaha nikawa nachezea faili. Nikaiambia: nionyeshe siku ambazo safu ya tatu haina kitu, yaani siku babu hakusema neno. Nilidhani haitatoa chochote, maana wewe hata siku kavu unaandika "Jua kali kama shangazi". Zikatoka siku kumi na mbili. Zote zinafuatana, tangu 14 mpaka 25 Januari 1986. Milimita zipo. Maneno hamna.

Nilifanya kosa la kumwonyesha Dokta. Akaacha kucheka. Anasema nieleze nani alipima siku hizo. Kama zilibuniwa, tuseme wazi na tuzitoe, lakini atakayesoma kazi yangu atauliza: aliyebuni kumi na mbili, amebuni ngapi nyingine? Sijazilinganisha hizo zenyewe. Naogopa kuangalia kabla hujaniambia.

Ulikuwa unaumwa, babu?

Mjukuu wako,
Munira


Dodoma, 20 Machi 2024

Babu,

Shikamoo. Ramadhani njema kwenu nyote. Barua yangu ya Februari kondakta anaapa alikukabidhi mkononi. Shangazi kwenye simu anasema hujambo, unafuturu vizuri, ila ukisikia jina langu unakwenda kuangalia kuku.

Zimebaki wiki sita.

Munira


Kondoa, 14 Aprili 2024

Munira,

Idi imepita salama. Shangazi yako alipika, nikala. Kuku wote wazima, nimewaangalia vya kutosha.

Sikutaka kuandika mwezi wa toba uongo, na sikutaka kuandika ukweli pia. Sasa Idi imekwisha, sikiliza.

Sikuumwa. Nilikuwa na miaka thelathini na sita na ndevu nyeusi. Kulikuwa na mwanamke anaitwa Jaha, mpika chai wa Mpwapwa, alikuja Kondoa kwenye harusi akanichekea vizuri. Nikamwambia bibi yako naenda Mpwapwa kutafuta beberu wa mbegu, kule si ndiko kwenye mbuzi wa kitaalamu. Nikaondoka Jumatatu, nimevaa kanzu. Mwanamume gani ananunua mbuzi amevaa kanzu iliyopigwa pasi?

Nikafika nikamkuta Jaha ameolewa na muuza nyama mwenye shingo kama kinu. Nikanywa chai yake kama mteja. Nikabaki pale siku nyingi, si kwa ajili yake, bali kwa aibu ya kurudi bila mbuzi. Jumamosi ya pili nikarudi. Bibi yako akauliza, "Mbuzi yuko wapi?" Nikasema sikupata anayefaa. Akasema, "Pole. Huyo uliyemtaka ameshapata mwenyewe?" Akaendelea kupepeta mtama.

Sasa kaa chini. Nje, ukutani, kulikuwa na chupa zimepangwa mstari. Za soda, za dawa ya kikohozi, za mafuta ya nazi, zote zimezibwa kwa gunzi. Nyingine zina maji mengi, nyingine kidogo, tatu tupu. Mahali pamoja chupa mbili zimefungwa pamoja kwa kamba. Bibi yako hakujua kusoma hata mistari ya glasi. Akasema kila chupa ni asubuhi moja, ya kwanza ni Jumanne niliyokuwa sipo.

Nilicheka, Munira. Mpwapwa kote nilikotoka jua lilikuwa linapasua mawe, hata tone. Na mchanga wetu unavyokunywa maji, njiani sikuona dimbwi. Nikamwambia, "Umejaza kisimani ili nisifukuzwe. Na hizo tupu umeziweka ili uongo ufanane na ukweli." Akanitazama. Akasema neno moja: "Pima." Nikapima, nikaandika, lakini kuongeza maneno mkono ulikataa.

Hakuzungumzia tena mpaka anaingia kaburini. Mimi ndiye niliyezungumza. Hiyo habari ya mke wangu kuchota mvua kisimani nimeisimulia barazani, nje ya msikiti, miaka thelathini na nane. Watu hucheka mpaka kofia zinadondoka.

Kwa hiyo zifute. Mwambie Dokta ni maji ya kisima. Lawama iwe yangu, si ya mwanamke aliyetaka kunisitiri. Na wewe umalize chuo.

Babu Swalihu


Dodoma, 22 Aprili 2024

Babu yangu mpenzi,

Shikamoo. Sisi huku wazima. Naomba ukae chini na wewe.

Sikuzifuta. Niliona nikizifuta bila kuzitazama nitakuwa nimefanya kama wewe. Nikaiambia skripti ichukue mistari kumi na mbili tu, ile ambayo safu ya tatu ni tupu, irudishe tarehe siku moja, na iipange ubavuni mwa vipimo vya ng'ambo ya korongo.

Zile chupa tatu tupu: ng'ambo nako waliandika sifuri, siku hizo hizo tatu. Zile mbili zilizofungwa kamba ulipima milimita sitini na moja. Wao hamsini na nane. Palipokuwa na kidogo, kwao kidogo. Zote kumi na mbili zinakaa. Dokta anasema mwaka ule wote wa 1986 hakuna kipande kinachofanana na wao kama hicho. Hata vyako havijafikia.

Hayakuwa maji ya kisima, babu. Mvua ilinyesha huko. Alipanda kila asubuhi.

Dokta amekubali niwasilishe kazi yangu, na madaftari yako yote yamekubaliwa. Dokta anataka jambo moja: safu ya nne, jina la mpimaji, ili watakaotumia faili wajue. Mistari mingine yote nimeandika Swalihu Bashiri. Ile kumi na mbili nimeiacha wazi. Niandikeje? "Mke wa Swalihu"?

Munira


Kondoa, 25 Aprili 2024

Munira,

Salaam zangu. Barua yako nimeisoma jana asubuhi, nikairudia. Chai ilipoa.

Baada ya alasiri nikaenda barazani. Nikawaambia, ile habari ya chupa mnayoipenda nitaisimulia tena, leo mwisho wake umebadilika. Nikaeleza yote, Jaha na shingo ya mumewe, kanzu, na hiyo mashine yako iliyonishika uongo. Nikawaambia maji yalikuwa ya mvua. Nikangoja washangae.

Hakuna aliyeshangaa. Nurdini, yule wa mbuzi aliyeelea, sasa macho yake hayaoni hata nazi, akaniambia taratibu: "Swalihu, sisi tulikuwa tunamwona. Saa tatu kila siku, na mtoto mgongoni, chupa mkononi. Siku ile ya mvua kubwa aliteleza kwenye udongo akapoteza kiatu, akarudi nyumbani kuchukua chupa ya pili, akapanda tena. Kilima kizima kilijua mume wake yuko wapi."

Nikamuuliza, "Na miaka yote hii mnacheka nini?"

Akasema, "Tunakucheka wewe."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, na haya magoti yangu. Huyo mtoto mgongoni alikuwa baba yako. Yeye hata kukumbuka hawezi, na mimi ningeweza kumuuliza bibi yako wakati wowote, alikuwa analala pembeni yangu miaka ishirini na tatu zaidi.

Jaza safu hiyo. Andika Mwantum Abdulwahab, herufi zote. Hilo la "mke wa" liondoe. Siku hizo hakuwa na mume, alipima mwenyewe.

Babu yako,
Swalihu